Kuhe wa Mama Louise

Mgeni alifika saa nne asubuhi, saa ambayo hakuna anayekula: chai imekwisha pita na chakula cha mchana hakijaiva. Alikuja kwa miguu, viatu vya ngozi mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, kwa sababu njia ya zamani ya kufikia malewa ya Noella, kibanda chake cha chakula, ilikwisha kumezwa na ziwa, na aliyetaka kula pale ilimbidi aloe kwanza. Kwapani alibana daftari jeusi lenye jalada gumu.

Pudentienne, ambaye malewa yake yalipakana na ya Noella ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemwona kwanza.

"Mama Noella! Daftari!" alinong'ona kwa sauti ambayo ingesikika hadi Bujumbura. "Ficha, ficha upesi. Muntu wa leta huyo."

Noella hakuuliza. Alisukuma kwa mguu beseni lililofunikwa gunia bichi hadi likaingia chini ya benchi, akaketi juu yake, akatandaza kitenge chake kikaning'inia mpaka chini, kisha akaanza kuchambua maharagi yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Kwenye ufuko ule watu walikuwa wamejifunza kuwatambua watu wa leta, yaani wa serikali. Anayekuja na njaa hutazama sufuria. Anayekuja na daftari hukutazama wewe. Wa usafi huja na daftari, wa biashara huja na daftari, wa mazingira naye vilevile, na yuko mwingine ambaye hakuna aliyewahi kujua ni wa nini, ila ana muhuri. Wote huanza na swali lile lile, kwa upole ule ule: mama, hapa unapika nini? Ukitaja samaki, umekwisha. Kwa hiyo tangu Kavimvira hadi Kalundu, mji mzima wa Uvira unaonuka samaki ulikuwa tayari kuapa mbele ya daftari kwamba haujawahi kumwona samaki.

"Jambo yenu, bamama," mgeni alisema.

"Jambo sana, patron."

"Nimeambiwa hapa kunapikwa samaki."

"Nani amesema?" Pudentienne aliuliza, mikono kiunoni.

"Hakuna aliyesema. Toka Kavimvira kila ninapouliza naambiwa, 'hapa hapana, uliza mbele.' Sasa mbele imeisha. Mbele ni maji."

Pudentienne alicheka kabla hajajizuia, akajiziba mdomo.

"Hapa ni maharagi, patron," Noella alisema bila kuinua macho. "Maharagi na sombe. Minye samaki hata sijui kumupika."

"Hata kidogo?"

"Bwana yangu hapendi harufu."

Mgeni akavuta pumzi kwa pua, taratibu. "Na hii harufu?"

"Ya ziwa," Pudentienne aliwahi kujibu. "Ziwa lote linanuka vile. Hata weye ukikaa siku mbili utanuka vile."

Mgeni alifungua daftari, akauliza kwa siku wanahudumia sahani ngapi, na hapo mambo yakawa wazi kabisa. Sahani ngapi! Hesabu ya kodi hiyo. Noella akajibu kwamba kuna siku hata moja haitoki, na ingawa alijibu kama mtu anayeficha mali, alipoyasikia maneno yake mwenyewe alijua kwamba hajasema uongo. Mgeni aliwatazama wote wawili, akatazama maji yaliyokuwa yakilamba ngazi, akafunga daftari. Akashukuru. Akaondoka alivyokuja, viatu mkononi.

"Amekwenda na muhuri wake," Pudentienne alisema, akapiga makofi. "Bwana hapendi harufu! Mama Noella, weye ni mubaya."

Noella alicheka naye, ila kicheko kilimwisha haraka. Siku hizi kila kitu kilimwisha haraka. Alikuwa amepika samaki mahali pale miaka kumi na tisa. Zamani malewa yake yalikuwa na ngazi sita za kushukia ufukoni, na chini ya ngazi uwanja wa mchanga, na juu ya mchanga meza nane, na watu waliovuka mpaka kutoka Burundi kwa ajili ya samaki wake wa mukeke tu. Ziwa lilipoanza kupanda watu walisema litarudi. Likala meza. Likala uwanja. Sasa zilibaki ngazi mbili. Mume wake, Félicien, alikuwa amekwisha kwenda Kiringye kwa ndugu zake kulima mpunga, na neno aliloacha lilikuwa fupi: siku maji yatakapoingia jikoni, funga mlango, njoo. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayepanga siku ya mazishi ya mgonjwa ambaye bado anapumua.

Noella hakutaka kwenda Kiringye. Hakujua kulima. Alijua kumshika samaki gizani na kusema amevuliwa lini.

Aliinama, akavuta beseni, akainua gunia. Samaki aliyekuwa ndani, kuhe, alikuwa bado anafungua na kufunga mdomo, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ubavu wake una rangi ya dhahabu chafu. Noella alimwaga maji ya zamani, akateka mengine kwenye ngazi, akamfunika tena.

Samaki huyo hakuwa wa kuuza.

Mwaka mmoja uliopita Noella alipata kazi ya harusi, watu mia mbili, na wote walitaka mukeke. Alikwenda mwenyewe ufukoni kumtafuta Toussaint, mvuvi aliyekuwa akimletea samaki tangu alipofungua malewa. Mbingu upande wa Burundi ilikuwa imekunja uso, na timu nyingine zilikuwa zinafunga mitumbwi. "Toussaint," alimwambia, "usiniache na harusi bila mukeke." Toussaint alicheka: "Mama Noella, nikirudi mikono mitupu utanipika minye." Wakaenda wanne, wakarudi watatu. Ziwa halikumrudisha, hata kiatu.

Tangu siku ile Louise, mke wake, hakutia kinywani kitu chochote cha ziwani. Si mukeke, si ndagala, wala mchuzi wake. "Nitakulaje kilichomla?" aliuliza, bila machozi, kama mtu anayeuliza njia. Watoto wake walikula samaki kwa majirani na kusukutua midomo kabla ya kurudi nyumbani.

Siku ya arobaini Noella alikwenda kwake, akapiga magoti, akasema, "Ni minye nilimutuma." Louise akajibu, "Najua." Kisha Louise akasema: "Siku ya kutoa matanga, uniletee samaki mumoja. Wa ziwa hili. Muzima, usimufungue kwako. Nataka tumbo lake lifunguliwe mbele yangu, nione kilichomo kwa macho yangu. Weye na minye tu, kabla batu hawajaingia. Nikiweza kula, nitakula. Nikishindwa, basi, nitakufa muntu wa maharagi."

"Nitaleta," Noella alisema.

Na siku ya kutoa matanga, mwaka ukiwa umetimia, ilikuwa leo, saa kumi. Imeangukia katikati ya siku za mwezi, wakati mbaya kuliko wote. Mukeke na ndagala huvuliwa kwa taa. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa taa moja, samaki hawakusanyiki, na wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, wakashona nyavu na kulala. Juma zima mji haupati kitu. Mgeni anayefika Uvira siku hizo hula uongo: samaki wa frigo aliyetoka bahari asiyoijua mtu, amezikwa chini ya nyanya. Ila mzee Nizigama, ambaye hakuwa na timu wala taa, alivua kwa ndoano peke yake kwenye mawe ya Kalundu. Noella alimfuata majuma matatu. Asubuhi ile mzee alikuja, akamtupia kuhe miguuni. "Chukua, uniache nilale," alisema. "Umenisumbua kuliko bibi yangu, na ule alishakufa."

Saa sita mchana alikuja Osée, kijana wa kuendesha pikipiki, aliyezoea kula maharagi ya Noella akiwa amesimama ili asikose abiria. Alikula vijiko vitatu, akauliza:

"Mama Noella, ule papa wa daftari alipita hapa?"

"Alipita," Pudentienne akajibu kutoka upande wake wa ukuta. "Tumemufukuza na maharagi."

Osée aliweka kijiko chini. "Mumemufukuza?"

"Muntu wa leta, tumupikie?"

"Leta gani? Ule ni Papa Rémy, wa Bukavu! Namubeba toka jana. Anatafuta samaki, mama. Samaki tu, kama muntu mwenye mimba!"

Akawaeleza, akimeza maneno kwa haraka. Mwezi ujao kutakuwa na mkutano mkubwa wa kwaya, watu mia tatu kutoka mikoa mbalimbali, watakaa Uvira siku kumi. Papa Rémy ametumwa kuwatengenezea wageni kijitabu kidogo: ukifika Uvira, samaki wa ziwa ule wapi. Mahali patatu tu. Na hapo patatu ndipo kwaya zenyewe zitakapopelekwa kula, kwa zamu, siku zote kumi.

"Mbili ameshaandika, ju ya kukosa njia," Osée alisema. "Hoteli za juu. Zote mbili walimupa wa frigo. Alitoka pale, akaniambia, 'Osée, samaki ule amesafiri kuliko minye.' Amebakiza pahali pamoja. Anataka pa kweli."

"Na weye ju ya nini hukusema?" Pudentienne alipiga kelele.

"Anakataa niingie naye! Anasema anataka kuonekana kama mteja wa kawaida."

"Mteja wa kawaida, na daftari kwapani! Yesu!"

Noella aligusa beseni kwa kisigino. Alikuwa amekaa juu ya benchi, kuhe chini yake, na ndani ya kichwa chake watu mia tatu walikuwa wanashuka kwenye magari. Siku kumi. Kwa siku kumi kama hizo mtu anaweza kuhamia barabara ya juu, akajenga jiko la mbao mahali pakavu, akamwambia mume wake: acha mpunga wa watu, rudi. Siku kumi, na mwezi ujao zile siku za giza, mukeke tele. Alikuwa na jambo hilo mlangoni saa nne asubuhi, limekunja suruali, limesimama linanusa. Na yeye akaliambia kwamba hajui kupika samaki.

"Osée," alisema. "Kamulete."

"Atakuja?"

"Mwambie ule mama wa maharagi amesema uongo. Mwambie anaomba musamaha."

Osée aliondoka bila kumaliza sahani. Pudentienne alizunguka ukuta, akaingia, akaketi karibu na Noella, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Walipendana kwa kugombana, kila mmoja upande wake.

"Uko na kuhe chini ya benchi," Pudentienne alisema.

"Ni wa Louise."

"Louise amengoja mwaka. Kesho iko mbali?"

"Kesho matanga yatakuwa yameshatoka."

"Basi mukate. Kichwa kwa Louise, mwili kwa daftari."

"Aliniomba muzima."

"Dada yangu, utakaa na muzima wako ndani ya maji?" Pudentienne alionyesha ngazi mbili zilizobaki. "Nitume muntu hoteli waniuzie mumoja wa frigo, umupelekee Louise, umupake mawese. Tena ule wa frigo ndiyo mwema kwake, hajawahi hata kumuona Toussaint."

Maneno yakatua katikati yao. Pudentienne aliyasikia baada ya kuyasema. Akaweka mkono mdomoni, na safari hii hakucheka.

"Nisamehe," alisema polepole. "Njaa inaongea."

"Najua."

Na hilo ndilo lililomwuma Noella, kwamba wazo lile halikuwa la kijinga. Samaki wa mbali angekuwa safi. Louise angeweza kumla bila kuuliza. Lakini Louise hakuomba samaki safi. Aliomba wa ziwa hili, amtazame ndani. Alitaka kuuliza swali lake mahali pake.

Hata hivyo Noella aliwasha mbabula, jiko lake la makaa. Aliweka mawese motoni, akakata vitunguu, akaponda kitunguu saumu, akapanga ndimu, vyote vya samaki mmoja mkubwa, mikono ikifanya kazi kama haimjui mwenyewe. Alijiambia kwamba anajitayarisha tu. Alijiambia kwamba kuna wakati wa kutosha wa kumwomba Nizigama mwingine, kesho, keshokutwa, na kwamba Louise ni mtu wa huruma, ataelewa, ameelewa makubwa kuliko hili. Kuhe alikuwa amekwisha kufa. Noella alimtoa, akamlaza juu ya ubao, akanoa kisu, akaweka ncha pale chini ya mapezi ya kifua ambapo miaka kumi na tisa alikuwa akianzia bila kutazama.

Mkono haukushuka. Aliungoja. Hakuwa akiwaza jambo lolote kubwa; alikuwa akimwona Louise mlangoni pake anapokea samaki aliyekwisha kufunguliwa, akitazama tumbo tupu lililooshwa, na hasemi kitu. Asingesema kitu. Angeshukuru. Asingejua tena, maisha yake yote, kilichokuwamo.

Mawese yakaanza kutoa moshi. Akayaepua.

"Mama wa maharagi!" Sauti ilitoka majini. Rémy alikuwa anakuja, viatu mkononi kwa mara ya pili, na Osée nyuma yake. Alikuwa anacheka. "Nasikia umejifunza kupika samaki toka asubuhi."

"Nisamehe, papa," Noella alisema. "Tulifikiri uko muntu wa leta."

"Mimi? Na hivi nilivyochoka?" Alikanyaga ngazi, akamwona kuhe juu ya ubao. Akamsogelea kama watu wanavyokisogelea kitanda cha mtoto mchanga. "Huyu ni wa leo."

"Wa leo asubuhi. Wa ndoano."

"Siku mbili nazunguka mji huu," Rémy alisema. Akaketi kwenye benchi, akafungua daftari. "Nimekula nyanya za kila namna. Hapa panaitwaje?"

"Hapana jina. Watu wanasema Kwa Noella."

Akaandika, kwa herufi kubwa nzuri: 3. Kwa Noella. Akaacha kalamu juu ya karatasi, tayari kwa neno litakalofuata. Noella, ambaye alisoma shule ya msingi tu, alilisoma jina lake kichwa chini, herufi moja moja. Osée aliegemea nguzo, meno yote nje. Saa ilikuwa tisa na nusu.

"Papa Rémy," Noella alisema, "samaki uyu si wangu."

Alimweleza. Hakueleza vizuri, alianzia mwisho, akarudi kwenye harusi, akasahau kumtaja Toussaint jina. Rémy alisikiliza hadi Noella akamaliza. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Nusu haiwezekani," alisema, akijijibu mwenyewe. "Mkia?"

"Ameniomba muzima, papa."

"Sawa. Basi nipeleke. Nitakaa nyuma, sitasema neno. Akishakula yeye, nionje tonge moja tu, kidogo hivi. Inanitosha kuandika."

Osée alijiondoa kwenye nguzo. "Ndiyo! Iko vizuri! Mama, iko vizuri!"

Na kweli ilikuwa vizuri. Noella aliligeuza jambo lile kila upande na halikuwa na kasoro. Louise asingekataa, mgeni hafukuzwi kwenye matanga. Angesema karibu, angesogeza kiti. Kisha angeinama juu ya samaki wake, na mtu aliyevaa vizuri angekuwa amekaa pembeni, daftari kwenye goti, akingoja ammalize mume wake ili aonje.

"Aliniambia, weye na minye tu," Noella alisema.

"Ni tonge moja, mama."

"Najua, papa. Najua ni tonge moja."

Rémy alipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mwema na alionekana amechoka kwa wema wake. "Saa kumi na moja natuma orodha," alisema. "Kesho alfajiri napanda gari la uwandani, kurudi Bukavu. Na mimi pia niliahidi: siandiki mahali ambapo sijatia mdomo. Ningeweza kudanganya, Mama Noella. Harufu peke yake inaniambia. Lakini hizo hoteli mbili pia nilizipenda kwa harufu."

"Hiyo ni haki," Noella alisema. "Usidanganye ju yangu."

Alimpakulia maharagi, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu, na Rémy akayala yote. Akasema ni maharagi mazuri sana. Alilisema kwa huzuni kiasi kwamba Pudentienne, upande wa pili wa ukuta, alianza kugonganisha vyombo. Kisha Rémy akachukua kalamu, akapitisha mstari mmoja juu ya jina, si kwa nguvu, akaagana nao wote kwa mkono, akashuka majini.

Osée alibaki nyuma kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, weye iko namna gani?" alisema. "Watu mia tatu! Ju ya samaki mumoja?"

"Nenda, abiria wako anangoja."

"Minye nilimuleta! Nilimwambia kwako ndiyo kuliko kote!"

"Nenda, mwanangu."

Akaenda.

Noella alimfunga kuhe ndani ya gunia bichi, akamrudisha kwenye beseni, akaweka juu yake kisu, vitunguu, ndimu na chupa ya mawese. Alipojitwisha na kushuka, maji yalimfika juu ya magoti; asubuhi yalikuwa chini yake. Alipita mifuko ya mchanga, akapita nyumba tatu zilizobaki kuta tu, akapanda hadi Mulongwe akihesabu miaka yake ya kupika, kisha akaacha, kwa sababu kila mwaka ulimrudisha pale pale: jina lake kichwa chini, na mstari.

Nyumbani kwa Louise turubai lilikuwa limekwisha fungwa mbele, na wanakwaya wa mtaa walikuwa wanapanga viti. Louise alimngoja nyuma, peke yake, kwenye kigoda, mbabula ikiwaka mbele yake. Alikuwa bado katika nguo zake nyeusi. Alikuwa amekonda mwaka ule, shingo imetokeza mishipa.

"Nilifikiri hutapata," Louise alisema. "Siku za mwezi."

"Nimepata."

"Umechelewa kidogo."

"Kulikuwa na mgeni."

Louise hakuuliza mgeni gani. Noella alitandika jani la mgomba chini, akamlaza kuhe, akapiga magoti. Louise naye alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti upande wa pili. Noella aliweka ncha ya kisu pale pale, chini ya mapezi ya kifua. Louise alimshika kifundo cha mkono, akakiachilia, na kisu kikashuka.

Tumbo lilifunguka kwa sauti ndogo. Noella hakutoa kitu. Aliweka kisu chini na kusogea nyuma ili kivuli chake kisizibe. Louise alitazama. Akatia vidole. Aliupapasa utumbo wote, akaupitia polepole hadi mwisho, akaufungua mfuko wa tumbo kwa ukucha. Mlikuwamo ndagala watatu, wawili wazima bado, mmoja amekwisha anza kuyeyuka. Mlikuwamo nyongo, kijani. Louise akageuza ngozi ya ndani, ile nyeusi nyembamba, akaigeuza tena.

"Ni hivi tu?" aliuliza.

"Ni hivi tu."

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, Louise."

Louise alikaa vile muda mrefu, vidole ndani ya samaki. Mbele ya nyumba mtu alijaribu wimbo, akakosea, wengine wakamcheka. Noella alingoja kilio na hakikuja. Ilikuwa kama Louise amesafiri mwaka mzima kwenda mahali fulani, amefika, na pale mahali hapakuwa na mtu wa kumpokea.

"Mupike," alisema hatimaye.

Noella alimwosha, akamkata alama ubavuni, akampaka ndimu na kitunguu saumu, akamlaza ndani ya mawese. Saa kumi na moja ilipita wakati anamgeuza. Aliijua kwa kengele ya parokia. Alijua kwamba wakati ule ule, mahali fulani katika mji, kidole kilikuwa kinabonyeza simu na orodha inaondoka, na kwamba maji yataingia jikoni labda mwezi huu, labda ule ujao, na kwamba kule Kiringye watamfundisha kushika jembe na watamcheka kwa upole. Alimgeuza samaki kwa uangalifu ili ngozi isichanike.

Akampakua mzima kwenye sahani, akaiweka katikati yao, pamoja na bugali. Louise alinawa. Alinyofoa kipande cha mgongoni, kidogo, kama cha kumlisha mtoto anayeota meno, akakishika karibu na mdomo mpaka kikapoa. Akakitia kinywani, akafumba macho. Hakutafuna. Mashavu yake yalitetemeka, na Noella akawaza kwamba atakitema, akaona ajabu kwamba hata hilo asingelilaumu.

Kisha taya likaanza kwenda, pole, pole sana. Akameza. Koo lake lilionekana likipanda na kushuka.

"Haina chumvi," Louise alisema.

Noella alitazama kwenye beseni, akatazama chini ya gunia. Chumvi ilibaki malewani, juu ya ubao, karibu na kisu cha pili.

"Nimesahau," alisema.

"Kula hivyo hivyo," Louise alisema, akasukuma sahani kuelekea kwake. "Kula na weye."

Wakala hivyo hivyo, bila chumvi, bila kuongea, mpaka ukabaki mwiba.